Sarafu Kinywani mwa Samaki: Msamaha wa Kodi na Haki ya Jirani



Wapendwa wasikilizaji, tunawasalimu popote mlipo asubuhi hii ya Jumapili: ninyi mlio majumbani, ninyi wagonjwa mlio vitandani, na ninyi mlio safarini katika barabara kuu ipitayo chini ya milima yetu ya Upare. Kwa namna ya pekee tunawasalimu ndugu zetu wa Makanya, wachimbaji wa jasi, wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, wakulima mnaongojea maji ya mto yateremke kutoka milimani, na ninyi makatekista mnaoongoza ibada leo katika vigango ambavyo padre hatafika. Amani ya Bwana iwe nanyi.

Jumapili hii Mama Kanisa anatuwekea mbele yetu Injili ya Mathayo, sura ya 22, pale Mafarisayo wanapomjia Bwana wetu na swali la mtego kuhusu kodi ya Kaisari. Sote tunalijua jibu lake. Aliomba aonyeshwe sarafu, akauliza sura iliyomo ni ya nani, kisha akawaambia wampe Kaisari kilicho chake na Mungu kilicho chake. Tumelisikia neno hilo mara nyingi, na pengine tumelizoea mno. Wengi wetu hulichukua kuwa na maana moja tu, kwamba Mkristo alipe kodi, basi. Ni kweli kwamba Mkristo yampasa kulipa kodi. Lakini lipo swali la pili ambalo huwa tunaliruka, nalo ni hili: ni nani anayesamehewa kodi, na kwa haki gani?

Katika Injili hiyo hiyo ya Mathayo, sura tano nyuma, lipo tukio dogo ambalo huwa halisomwi siku ya Jumapili. Ni katika sura ya 17, mwishoni. Bwana Yesu na wanafunzi wake wamefika Kapernaumu. Watoza kodi ya Hekalu wanamwendea Petro na kumwuliza kama mwalimu wake hulipa. Petro, kama ilivyo kawaida yake, anajibu upesi kuwa hulipa, kisha anaingia nyumbani. Kabla hajasema neno, Yesu anamwuliza: wafalme wa dunia huwatoza nani, wana wao au watu wengine? Petro anajibu kuwa huwatoza watu wengine. Basi, Bwana anamwonyesha kwamba wana wamesamehewa. Na kwa kuwa Hekalu ni nyumba ya Baba yake, Yeye hakupaswa kutoa hata senti moja.

Hapo ndipo linapokuja jambo la kushangaza. Yeye mwenye haki ya msamaha kuliko watu wote haudai. Anamtuma Petro aende baharini, atupe ndoana, na samaki wa kwanza atakayemvua atakuwa na sarafu kinywani. Anamwagiza aitoe kwa ajili yao wote wawili, ili watu wasikwazike. Tuliangalie neno hilo: wote wawili. Sarafu ile ilitosha watu wawili barabara. Bwana alijilipia, akamlipia na mvuvi aliyekuwa karibu naye.

Ndugu wapenzi, tunaomba leo tukae na sarafu hiyo mkononi, tuitazame vizuri, kwani ina mengi ya kutufundisha sisi tunaoishi katika nchi inayotoza kodi za nyumba na kutoa misamaha.

Kwanza, tufahamu kodi ile ya Hekalu ilikuwa ya namna gani. Chanzo chake ni kitabu cha Kutoka, sura ya 30. Kila mwanamume mwenye umri wa miaka 20 na zaidi alitoa nusu shekeli. Tajiri hakuruhusiwa kuzidisha, wala maskini hakuruhusiwa kupunguza. Kilikuwa kiwango kimoja kwa wote. Uzuri wake ni kwamba kila mtu alikijua. Hakuna aliyeweza kudanganywa, na hakuna aliyeweza kusema jirani yake ametozwa kidogo kwa sababu ni shemeji wa mkubwa fulani.

Lakini Maandiko yale yale yanatuonyesha njia nyingine pia. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 5, mwenye hatia hutoa kondoo au mbuzi jike. Asiye na uwezo huo hutoa njiwa wawili. Na asiyeweza hata njiwa hutoa unga kidogo. Sheria inamtazama mtu, inampimia kwa kadiri ya mkono wake. Ndiyo maana Mama Maria na Mtakatifu Yosefu, walipompeleka Mtoto Hekaluni, walitoa sadaka ya ndege wawili, sadaka ya maskini. Sheria ilikuwa na mlango wa pembeni kwa ajili ya watu kama wao, nao walipita mlango huo bila aibu.

Basi Mungu amewafundisha watu wake mambo mawili kwa pamoja: kipimo kiwe wazi, na maskini aonekane. Haki ya kodi haiwezi kusimama kwa mguu mmoja. Kipimo kikiwa wazi lakini maskini haonekani, tunapata sheria ngumu kama jiwe. Na maskini akidaiwa kuhurumiwa lakini kipimo kimefichwa, tunapata upendeleo, na huruma inageuka kuwa biashara ya wakubwa.

Sisi watu wa Upare hatuhitaji kwenda mbali ili kulielewa hilo. Wazee wetu walilijua miaka mingi iliyopita. Kati ya mwaka 1944 na 1947, chini ya utawala wa Waingereza, watu wa milima hii walisimama pamoja kuikataa kodi mpya iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Harakati zile zinakumbukwa hadi leo kwa jina la Mbiru, na mwanahistoria wetu Isaria Kimambo alichapisha kitabu juu yake mwaka 1971. Maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani kwa miguu hadi Same, kwenye makao ya wilaya, wakakaa huko wakidai kusikilizwa. Wanawake nao, hasa wa Usangi, wakaingia katika madai hayo. Mwishowe serikali ikaiondoa kodi ile ya kukadiria, watu wakarudi kulipa kwa kiwango kimoja.

Tukilitazama jambo hilo juu juu, tutashangaa. Je, si haki zaidi mwenye ng'ombe wengi alipe zaidi, na mwenye mbuzi mmoja alipe kidogo? Kwa nadharia, naam. Lakini wazee wetu hawakuwa wakikataa kulipa kodi, wala hawakuwa wakitetea matajiri. Walichokataa ni kupimwa kwa kipimo wasichokiona. Mtu aliambiwa alipe kiasi fulani, na jirani yake kiasi kingine, asijue nani aliyekadiria, kwa nini, na kama udugu na wapimaji haukuingia katika hesabu. Walipendelea kiwango kimoja kinachoonekana kuliko haki iliyofungiwa ndani ya daftari la mtu mwingine. Huo ni urithi wetu, wapendwa. Mpare hana ugomvi na kodi. Ana ugomvi na kodi isiyojieleza.

Sasa tuje katika siku zetu. Nchi yetu inayo kodi ya majengo. Tangu mwezi Agosti mwaka 2021 kodi hiyo imekuwa ikikusanywa kwa njia ya LUKU, yaani tunapolipia umeme. Mwanzoni nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 kiwango kikapandishwa kuwa 1,500, ambazo kwa mwaka ni shilingi 18,000. Jengo la ghorofa hutozwa zaidi, kwa hesabu ya ghorofa zake. Njia hii ni nyepesi. Haina foleni wala risiti za kupotea. Nayo, kwa namna yake, ni nusu shekeli ya siku zetu: nyumba ya chini ya vyumba viwili na nyumba ya chini yenye vyumba kumi hukatwa sawasawa.

Na hapa ndipo msamaha unapopata uzito wake. Kodi ya kiwango kimoja haina macho. Haimwoni mjane wala mlemavu, wala haijui tofauti ya mwenye mshahara na asiye na kitu. Msamaha ndio jicho lake. Sheria yetu imeliweka jicho hilo: mzee aliyetimiza miaka 60, na mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, husamehewa kwa nyumba moja anayoimiliki na kuishi ndani yake. Nyumba za tope na za nyasi hazitozwi. Nyumba za ibada hazitozwi, maadamu hazitumiki kwa biashara. Hiyo ndiyo sadaka ya njiwa wawili, iliyoandikwa katika sheria za nchi. Swali ni kama njiwa hao wanawafikia waliokusudiwa.

Tuwasimulie kisa kimoja. Katika ukanda wetu huu yuko bibi mmoja mjane, amepita miaka 70. Hatutamtaja jina. Katekista wetu alikwenda kumpelekea Komunyo na mzee mwingine mgonjwa wa jirani. Baada ya sala, bibi akamwambia, "Mwanangu, mita yangu inaumwa. Mwanzo wa mwezi nikinunua umeme wa shilingi elfu mbili, unanijia kidogo kama chumvi ya kuazima. Nimewaambia wajukuu waizime taa mapema, lakini haisaidii."

Katekista akasema, "Shikamoo bibi, hebu nikuone hiyo karatasi." Akaisoma. Mita ilikuwa nzima kabisa. Katika zile shilingi 2,000, shilingi 1,500 zilikuwa zimekwenda kwenye kodi ya jengo. Bibi alikuwa ananunua umeme wa shilingi 500, na kwa muda wa miaka miwili alikuwa akiilaumu mita, na kuwalaumu wajukuu.

Kwa nini hakuwa amesamehewa? Kwa sababu msamaha haumfuati mtu nyumbani. Mashine inayokata haijui umri wa anayewasha taa. Hana budi aombe, aonyeshe kitambulisho, aonyeshe kuwa nyumba ni yake. Na mita ile ilikuwa bado kwa jina la marehemu mume wake. Ikabidi kutafuta cheti cha kifo, barua ya mtendaji wa kijiji, na karatasi za mirathi. Katekista alisafiri naye mara tatu. Siku moja waliambiwa waje kesho. Nauli ya safari hizo ilizidi makato ya miezi kadhaa. Hatimaye makato yakakoma. Yale yaliyokwisha kukatwa hayakurudi.

Sasa, ndugu wapenzi, tunaomba tukiri jambo mbele yenu, sisi tunaohubiri. Sheria ile ilipotangazwa, sisi viongozi wa parokia tulikwenda kuuliza upesi kama kanisa letu na nyumba ya mapadre vitatozwa. Tulipata jibu katika muda mfupi, tukarudi tumeridhika. Msamaha wetu tuliujua mapema. Msamaha wa bibi yule hatukuuliza. Kwa miaka miwili tulimpelekea jirani yake Komunyo, tukapita mlangoni pake, na hatukujua kwamba anakaa gizani kwa ajili ya kodi ambayo sheria ilikuwa imemwondolea. Hatukuwa na nia mbaya. Lakini kuhani na Mlawi waliompita mtu njiani katika kisa cha Msamaria Mwema nao, pengine, hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na haraka ya mambo ya Hekalu.

Upande wa pili wa jambo hili nao upo, na tukiunyamazia tutakuwa tumehubiri nusu ya Injili. Wako watu wenye nguvu wanaoutafuta msamaha usio wao. Kijana anajenga nyumba ya kupangisha, anaiandikisha kwa jina la mama yake mzee, ili isitozwe. Mama haishi humo, wala kodi ya pango haioni. Jina lake tu ndilo linalofanya kazi. Mwenye nyumba mwingine anamwacha mpangaji akatwe kwenye umeme wake mwezi baada ya mwezi, na wala hampunguzii pango, ingawa kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Huyo amejipa msamaha yeye mwenyewe, na mlipaji wake ni maskini aliyepanga chumba.

Mtu wa namna hiyo husema, "Nimemwibia nani? Ni serikali tu." Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliwakemea wazi wale wanaokwepa kodi halali kwa hila na udanganyifu. Sababu yake si ngumu kuielewa. Zahanati haina samaki wenye sarafu vinywani. Dawati la shule, dawa ya mtoto, daraja linalokatika kila masika, vyote vina bei yake. Mzigo alioutua mmoja bila haki haupotei. Unahamia kichwani kwa mwingine, na mara nyingi huyo mwingine ndiye asiyejua ofisi wala fomu.

Je, na sisi Kanisa? Tuseme na hilo, kwa kuwa haifai kumwonyesha jirani kibanzi huku tumebeba boriti. Historia ya Kanisa ina fundisho hapa. Mwaka 313 Kaisari Konstantino aliwaondolea makleri mizigo ya utumishi wa miji, ili wamtumikie Mungu bila kusumbuliwa. Nia ilikuwa njema. Lakini haukupita muda mrefu, matajiri wakaanza kukimbilia ukleri ili kuukwepa mzigo wa miji yao, mpaka Kaisari huyo huyo akalazimika kutunga sheria za kuwazuia. Msamaha uliotolewa kwa ajili ya altare uligeuka kuwa pango la kujifichia. Naye Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, alipokuwa katika mgogoro mkali na watawala mwaka 386, alitofautisha mambo mawili waziwazi: nyumba ya Mungu hangewatolea, lakini mashamba ya Kanisa yalikuwa yakilipa kodi, na kodi hiyo hakuikataa.

Tofauti hiyo ya Mtakatifu Ambrosi ndiyo iliyotusaidia katika halmashauri ya parokia yetu. Kando ya barabara tunayo majengo madogo, fremu za maduka tunazozipangisha ili kupata fedha za kuendeshea vigango. Ndugu mmoja alisimama akasema, "Hii ni mali ya Mungu. Tukitozwa, Mungu ndiye aliyetozwa." Wengi walipiga makofi. Ndipo mama mmoja wa WAWATA, mwuzaji wa mihogo sokoni, akainuka taratibu. Akasema, "Duka la jirani yenu mnayepakana naye ukuta linatozwa. Anauza sukari ile ile. Mpangaji wenu naye anauza sukari ile ile. Sasa Mungu yuko katika ukuta upi?" Halmashauri ikanyamaza. Tuliamua kwamba kanisa tunamosali litumie msamaha wake kwa shukrani, na fremu zilipiwe kama fremu za watu wote. Tuliamua pia kwamba kila mwaka tutawasomea waamini, mbele ya altare, fedha za fremu zimeingia kiasi gani na zimefanya kazi gani. Kwa maana anayesamehewa anawajibika kuwaeleza wale wanaobeba mzigo kwa niaba yake.

Wapendwa, kama tungetafuta mfano mmoja kutoka nyumbani kwetu wa msamaha ulio wa haki, tungeupata katika msaragambo. Ninyi mnaotoka milimani mnaujua, na ninyi wa bondeni mnaujua pia, kwa sababu bila msaragambo mifereji na ndiva zetu za maji zingekwisha kujaa tope. Pembe inapolia, kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe. Lakini mzee hatoki. Mgonjwa hatoki. Mama aliyejifungua juzi hatoki. Na hakuna anayewanung'unikia. Kwa nini? Kwa sababu wote wanawajua. Msamaha wao uko wazi kama jua la mchana. Hawakuandika barua, hawakumwona mkubwa usiku. Kijiji ndicho kilichowaona, na kijiji ndicho kilichosema, "Huyu akae." Na yule kijana mwenye misuli akijifanya kuumwa mgongo siku hiyo, kijiji kinamjua pia, na maji yanapogawiwa hana uso wa kuinua.

Hayo ndiyo mambo matatu tunayotaka mwondoke nayo leo. Msamaha wa haki hujulikana na wote, hauna siri. Msamaha wa haki humtafuta anayestahili, haumngojei aje na nauli ambayo hana. Na msamaha wa haki humfunga aliyeupata kuwatumikia wengine, kama Bwana wetu alivyomlipia Petro.

Ninyi makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, tunawaomba kazi moja mahsusi. Wiki hii mnapokutana kwa sala, ulizeni kwa utaratibu: katika jumuiya yetu, ni mzee gani aliyetimiza miaka 60 anayeishi katika nyumba yake na bado anakatwa? Ni ndugu gani mwenye ulemavu asiye na kipato? Je, mita iko kwa jina la nani? Msiwaache waende peke yao. Mmoja wenu anayejua kusoma na kuandika aongozane nao, aanzie kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, amsaidie kupanga karatasi. Kama nauli hakuna, mfuko wa jumuiya utoe. Kumpeleka mjane ofisini ni tendo la huruma sawa na kumpelekea maji mgonjwa.

Ninyi wenye nyumba za kupangisha, keti na mpangaji wako. Mweleze makato, mpunguzie katika pango kile kilicho cha kwako. Na wewe uliyeandika nyumba kwa jina la mama yako ili uikwepe kodi, usimfanye mama yako kuwa pazia. Mheshimu kwa kumtunza.

Ninyi mlio katika ofisi za umma, ambao ni waamini wenzetu na mnasali pamoja nasi, mkimwona mzee amesimama dirishani na karatasi zilizokunjwa, mkumbukeni mama aliyewazaa. Neno la "njoo kesho" kwenu ni jepesi. Kwake ni nauli nyingine, na siku nyingine bila kulima. Nehemia, alipokuwa liwali wa Yuda, aliwakuta watu wameweka rehani mashamba yao ili kulipa kodi ya mfalme. Yeye alikuwa na haki ya posho ya uliwali. Aliiacha, kwa sababu aliona mzigo wa watu ni mzito. Mamlaka ya namna hiyo haiogopwi, hupendwa.

Na sisi sote turudi kwenye ile sarafu ya Kaisari katika Injili ya leo. Sarafu ilikuwa na sura ya Kaisari, basi ikarudi kwa Kaisari. Lakini mwanadamu ana sura ya Mungu. Bibi yule aliyekaa gizani ana sura ya Mungu. Kumrudishia Mungu kilicho chake maana yake ni kumtoa bibi yule gizani. Tusipofanya hivyo, hata tukilipa kodi zetu zote kwa ukamilifu, bado tutakuwa na deni.

Tuombe.

Ee Mungu Baba wa wajane na kimbilio la wanyonge, Mwanao alikuwa huru, akakubali kulipa pamoja nasi na kwa ajili yetu. Utujalie kulipa kilicho cha haki bila manung'uniko, kuuacha msamaha usio wetu, na kuwa macho kwa jirani asiyejua haki yake. Uwabariki watu wa Makanya na wa milima yote ya Upare, uwape mvua kwa wakati wake, na viongozi wenye mizani iliyo sawa. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu.

Amina.